Nguo ya Kati

Siku waliyomzika, kule Chole ya Kisarawe, sisi wanawake tulibaki uani tukichambua mchele. Mama mmoja aliyeketi karibu nami akaniuliza marehemu alikuwa nani wangu. Nikamwambia jirani. Akashangaa, maana hakuwahi kuniona kijijini pale. Nikamweleza kwamba tulikuwa majirani Kibaha, mtaa wa Sofu, kibanda na kibanda, miaka kumi na moja.

"Aa," akasema, "kumbe wewe ni wa kule alikokuwa akiuza masweta."

Nikasema ndiyo, wa kule.

Sofu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mpagazi, kwa sababu kabla ya kuuza nguo alibeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro kwa miaka mingi. Mimi nilimwita Mzee, naye akaniita Fundi, kwa kuwa ni fundi cherehani. Nimesoma mpaka darasa la saba, na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua. Naandika haya kwa sababu kuna jambo nililomficha kwa miaka mitatu, na jambo hilo ndilo lililomtoa kazini. Nitalisema mahali pake. Sitaki mtu amjue kwa kosa langu kabla hajamjua kwa mambo yake mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuuza nguo za baridi katika mji usio na baridi. Sofu saa mbili asubuhi jasho limeshafika mgongoni, na yeye ndiyo kwanza anatundika makoti. Mama aliyeuza uji ng'ambo ya barabara hakuchoka kumtania.

"Mpagazi, nani kakuloga ukauze masweta kwenye jua hili?"

"Na wewe nani kakuloga ukauze uji wa moto?"

"Uji wangu unaisha!"

"Na masweta yangu yanaisha. Tofauti yetu ni moja tu. Mteja wako akikulaani, anakulaani usoni. Wangu ananilaani akiwa mbali, simsikii."

Yalikuwa yanaisha kweli. Walikuja manesi na walimu waliopangiwa kazi Makete, kwenye baridi. Walikuja waendesha bodaboda wanaotoka alfajiri. Lakini waliomfanya ajulikane ni vijana waliokuwa wakienda kujaribu kazi ya upagazi mlimani. Mmoja alikwenda akarudi mzima, akamwelekeza mwenzake, na mwenzake akamwelekeza mwingine. Walikuja mpaka kutoka Mlandizi na Gwata. Huko Moshi nguo za mlimani zimejaa, lakini wao walisema kule unauziwa, na kwa Mpagazi unachaguliwa.

Na kweli aliwachagulia. Kijana akifika na kunyoosha mkono kwenye sweta, mzee alimzuia kwanza.

"Unakwenda juu kuvaa nguo ngapi?"

"Moja nzito, Mzee."

"Basi kaa chini tuanze upya."

Aliwafundisha kwamba mlimani mtu anavaa tatu. Ya ndani ni ya jasho, inalitoa mwilini. Ya nje ni ya upepo na mvua. Ya kati ndiyo ya uhai, na hiyo ndiyo aliyoiuza yeye. Ya ndani na ya nje aliwaambia watanunua popote, hata wakikosea watapona. Ya kati hakutaka mtu akosee.

"Nguo haina joto," alisema. "Joto ni lako, umetoka nalo kwenu kwa ugali. Nguo ni mlinzi tu, analizuia lisitoroke. Sasa wewe unataka mlinzi mnene anayesinzia?"

Alikuwa na namna yake ya kupima. Alilishika sweta mbele ya jua aone palipochakaa. Alilipuliza kwa mdomo na kuweka kiganja upande wa pili. Kisha alilowesha pembe moja kwa maji ya kikombe, akaikamua, akaiweka shavuni, akafumba macho. La sufu au la manyoya mepesi ya kiwandani huwa na uvuguvugu hata likiwa bichi. La pamba linakuwa kama kitambaa cha kumpooza mgonjwa wa homa.

"Pamba ni mtoto wa pwani," aliwaambia. "Huku ni rafiki yako, inakunywa jasho na jua linaikausha. Kule juu ikishakunywa, haitemi."

Makoti yale yaliyojazwa manyoya ya bata, ambayo vijana waliyapenda kwa sababu yanatuna na kupendeza, aliyauza kwa masharti. "Zuri ukiwa umekaa. Ukitembea nalo unachemka. Likilowa, umevaa kuku aliyenyeshewa." Alipenda kumuuzia mtu masweta mawili mepesi kuliko moja zito, na sababu yake ilikuwa fupi: moja zito huwezi kulivua nusu. Unapopanda na mzigo unavua moja, unapopumzika unavaa tena, tena uvae kabla hujaanza kutetemeka.

Mwisho alimwambia mteja, "Inua mikono, jitwike." Kijana ananyanyua mikono kichwani kama ameshika mzigo. Kiuno kikionekana, mzee anasema, "Vua. Hilo linaacha mlango wazi." Niliwaona watu wakijitwika hewa mara tano, mara sita, huku mama wa uji akipiga vigelegele kila wanapoinua.

Mimi nilikuwa nikishona vikwapa vilivyochanika na kubadilisha zipu. Mwezi wangu wa kwanza pale aliniletea sweta lililotoboka kiwiko. Akasema, "Fundi, hili ni sufu tupu, lishone kwa heshima." Nikaligeuza ndani nje, nikatia kidole kwenye tundu, nikatafuta.

"Mzee," nikamwambia, "mbona halina kitu? Sufi yote imeshamwagika."

Akakaa chini. Alicheka mpaka akavua kofia akajifutia macho.

"Binti yangu, sufi ni ya mto wa kulalia, inatoka mtini. Sufu ni ya kondoo."

"Sasa mimi ningejuaje? Kondoo wa kwetu wana manyoya kama ya mbuzi."

"Usijali," akasema. "Mimi nilikosea kuliko wewe."

Akanihadithia kwamba siku za kwanza za kazi, mkuu wa wapagazi alimwambia kesho aje na kitu cha sufu, bila hivyo hapandi. Yeye akasikia sufi. Alikuwa na mto mdogo aliopewa na mama yake alipoondoka Chole, na ndio alioubeba. Alipanda mlima na mto wa kulalia. Wenzake walimcheka mpaka kambi ya pili, na usiku baridi ilipokaza, mmoja wa waliocheka akamvulia sweta lake la ziada. "Hapo ndipo nilipoijua sufu," alisema. "Nilipewa na mtu aliyekuwa bado ananicheka."

Tangu hapo alipoulizwa yuko wapi, alijibu, "Niko Sofu, nauza sufu, na fundi wangu anatafuta sufi."

Hakuwa mtu wa mstari mmoja. Aliwahubiria watu nguo tatu, mwenyewe alishinda na singilendi na kikoi. Alisema sukari imemshinda, lakini chai yake nilikuwa nikiikoroga mimi na najua vijiko. Hakupenda kubembelezwa bei, ila mteja akiwa mtu wa utani alimpunguzia bila kuombwa. Alikuwa mkali kwa mtu anayetupa nguo mezani. "Kunja," alisema, "hiyo imevuka bahari kuja kukuona."

Ukimuuliza ilikuwaje mtu wa Kisarawe akawa mpagazi wa Kilimanjaro, alikuwa na majibu matatu. Kwamba alisindikiza lori la mananasi likaharibika Moshi. Kwamba alimfuata mwanamke. Kwamba alitaka kuona barafu ambayo haiuzwi. Siku moja mkewe alipokuja Kibaha nikamuuliza lipi la kweli. Akasema, "Yote uongo. Mimi ndiye niliyemwambia asirudi bila kazi."

Vijana aliwaambia kwamba amesimama kileleni mara nyingi, akawaeleza jua linavyochomoza chini ya miguu yako. Nilisikia habari hiyo hadi nikaijua kwa moyo. Kisha siku moja ya mvua, tukiwa wawili tu, akaniambia, "Mpagazi hafiki kileleni, Fundi. Anabaki na mahema. Wageni wanarudi wanasema walichokiona, sisi tunawapashia supu."

"Sasa mbona unawaambia umefika?"

"Kijana hamsikilizi mlinda mahema."

Alinionyesha pia vidole viwili vya mkono wa kushoto. Ncha zake zilikuwa nyeupe, na hazikuhisi kitu tangu usiku mmoja wa huko juu. Kwa hiyo nguo alizipima kwa mkono wa kulia na kwa shavu. Alisema Mungu alimwachia mkono mmoja wenye akili, unatosha.

Hivyo basi, kuhusu mlima alidanganya. Kuhusu nguo hakuwahi. Aliyedanganya kuhusu nguo ni mimi.

Alikuwa na meza mbili. Meza ya mjini ilikuwa na masweta ya mtu yeyote, na akiwa msikitini niliruhusiwa kuyauza. Meza ya mlima haikuguswa na mtu ila yeye, na mtu wa mlimani hakuhudumiwa na mtu ila yeye. Hilo lilikuwa sharti lake pekee kwangu.

Ilikuwa Ijumaa, yuko swala. Nilikuwa na sare ya shule kwenye sindano na mwenye sare amenisimamia kichwani. Akaja kijana na begi, anahema. Akashika sweta moja la kijivu, nene, zuri, kutoka meza ya mjini.

"Dada, basi linaniacha. Nakwenda mlimani. Hili sufu?"

Sweta lile nilikuwa nimelishona mimi mwenyewe pindo la mkono juzi yake. Nilijua ni pamba kama ninavyojua jina langu.

"Ndiyo," nikasema.

"Kweli?"

"Sufu hiyo, chukua."

Sikupata faida yoyote. Nilitaka aondoke nimalize sare. Nimejitafutia sababu nyingine kwa miaka mitatu, ya kunitetea au hata ya kunilaani zaidi, na sikuipata. Nilitaka aondoke tu. Mzee aliporudi nikampa pesa ya sweta moja la meza ya mjini. Akaitia mfukoni, hakuuliza. Kwa nini aulize?

Baada ya wiki kadhaa akaja mama mmoja kutoka Gwata na mfuko mweusi. Hakuja kwa ugomvi. Alisalimia, akapewa kigoda, akalitoa lile sweta.

"Mwanangu alinyeshewa njiani," akasema. "Hili likashiba maji. Usiku akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Wenzake walimshusha wakimbeba. Yuko kitandani, kifua. Kasema kanunua kwa Mpagazi, mzee anayejua."

Mzee akalichukua. Akalowesha pembe, akakamua, akaweka shavuni. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko siku zote.

"Pamba," akasema.

"Sisi hatujui, baba. Ndiyo maana tunakuja kwako."

"Nisamehe, mama. Mikono yangu."

Yule mama alimsamehe pale pale, na kijana alipona baadaye, namshukuru Mungu. Mama alipoondoka, mzee akasimama kati ya meza zake mbili akizitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Akanigeukia.

"Fundi, uliniona nikimpa?"

Mguu wangu ulikuwa kwenye cherehani. Sikuusimamisha.

"Sikuona, Mzee."

Na ni kweli sikuona. Nilishika ukweli huo mdogo kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo kisimani. Hakuniuliza kama ni mimi. Nadhani halikumpitia akilini, na hilo ndilo lililozidi kuniumiza.

Tangu siku hiyo alibadilika. Sweta moja alilipima mara tatu. Aliliweka meza ya mlima, akalirudisha, akaniletea. "Hebu shika na wewe." Nikashika, nikamwambia ni sufu. "Una hakika?" Aliyekuwa akiwapa watu hakika sasa aliniuliza mimi, kati ya watu wote mimi. Kijana wa mlimani akija, mzee alimwambia nenda ukanunue Moshi. Alitazama ncha za vidole vya mkono wa kulia, akaziuma kidogo, akasema ganzi imehamia na huku. Haikuwa imehamia. Kabla ya mwezi kuisha alimwachia mfanyabiashara mwenzake mali yote, akarudi Chole. Mama wa uji alilia waziwazi. Mimi nilimfungia mizigo kwa kamba, nikampungia mkono.

Miaka mitatu nilipanga safari ya Chole nikaahirisha. Mvua, sare za Januari, homa ya mtoto. Halafu mpwa wake akapita Sofu, akasema mzee amevimba miguu, na kwamba siku hizi hafungi hata vifungo vyake, anafungiwa.

Nikafika Kisarawe mjini, nikachukua bodaboda mpaka Chole. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka barazani, mgongo ukutani, mikono ameificha ndani ya kikoi. Mkewe alikuwa na ungo wa korosho, anatenga nzima na mbovu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ee, Fundi! Umenenepa. Kibaha wanakula nini siku hizi?"

"Hatujinyimi kama wewe, tunakula kila kitu."

Akacheka. Mkewe akanikaribisha, akasema, "Nisaidie kusema na huyu mzee wako. Hata korosho hachagui. Nikimpa ungo anasema atamlisha mtu mbovu."

"Mama Zawadi, acha," akasema mzee.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yaliyotoka yalikuwa machache. Nikamwambia, "Mzee, lile sweta la yule kijana wa Gwata nilimuuzia mimi. Ulikuwa msikitini. Aliniuliza kama ni sufu, nikamwambia ndiyo, na nilijua ni pamba."

Mkewe akaacha korosho. Mzee hakusogea.

"Siku gani?"

"Ijumaa."

"Kalichukua meza gani?"

"Ya mjini."

"Nani aliliweka pale?"

"Wewe."

"Kwa hiyo nililiweka mahali pake."

"Uliliweka mahali pake, Mzee."

Akatoa mikono kwenye kikoi, akaigeuza juu na chini. Kisha akanitazama, na macho yake hayakuwa ya mtu ninayemjua.

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema hukuona."

"Nilisema hivyo."

"Kukusamehe nitakusamehe, siwezi kuondoka duniani na kinyongo cha sweta. Lakini miaka mitatu nimekaa hapa naiogopa mikono yangu mwenyewe. Mke wangu ananifunga vifungo kama mtoto. Hiyo nani atanirudishia?"

Nikauvuta mkoba wangu kifuani.

"Nenda, Fundi," akasema, wala hakupaza sauti. "Leo nenda."

Nikainuka. Mkewe hakunisindikiza. Nikavaa ndala zangu, nikavuka ua, machozi yananitoka na siwezi kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili nimeshika mkoba. Nilipofika kwenye kona ya nyumba nikamsikia nyuma yangu, na sauti ilikuwa ile ya Sofu, ile ya kumjibu mama wa uji.

"Mama Zawadi! Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Kasemaje?"

"Kasema uliliweka mahali pake."

"Sema tena."

"Uliliweka mahali pake, bwana."

Nikaingia njia ya mikorosho kwenda kutafuta bodaboda. Nilikuwa nimeshafika mbali, na bado nilimsikia akimwambia arudie.